Vibanda vya Gemu vya Kilosa na Mikumi

Mji wa Kilosa, uliokaa kando ya mto Mkondoa chini ya milima ya Usagara, na mji mdogo wa Mikumi, ulio kusini yake juu ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, ni miji miwili ambayo tangu zama za kale ilivingoja vitu vya pwani vije vyenyewe pamoja na wapita njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya kumi na tisa ilivuka mbuga ya Makata yenye matope, ikapanda na bonde la Mkondoa kuelekea Mpwapwa na Ujiji, ikaacha nyuma yake merikani, shanga na lugha ya Kiswahili. Reli ya Wajerumani, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa. Na barabara kuu ilipokwisha kutiwa lami, Mikumi, palipo njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara, pakawa mahali pa madereva wa malori kula, kulala na kupumzisha magari. Basi mtu asistaajabu akiambiwa kwamba mashine za michezo ya televisheni, ambazo vijana huziita gemu, ziliingia huko kwa mlango uleule. La kustaajabisha ni kwamba biashara iliyozaliwa na mashine hizo, ambayo wazazi waliilaani na watendaji wa kata wakaifukuza, ndiyo iliyotunza amana ambayo wenye mali, huko Marekani na Japani, waliiacha ichakae mikononi mwao wenyewe.

Gemu ya televisheni haiwezi kuitangulia televisheni, na Tanzania Bara ilichelewa kuipata. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini upande wa Bara chombo hicho kilihesabiwa kuwa anasa isiyolingana na siasa ya Ujamaa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku hata kuingiza nchini kompyuta na vifaa vya jamii yake. Vituo vya televisheni vya watu binafsi, ITV kimojawapo, vilianza mwaka 1994. Hata hivyo miji ya bara ilikuwa imekwisha kuzoea kioo kabla ya matangazo, kwa kuwa yalikuwako mabanda ya video, ambamo watu walikaa juu ya mabenchi wakatazama filamu za Hong Kong na za Kihindi, na ambamo baadaye zilichezeshwa kanda zilizofasiriwa kwa sauti na mafundi wa maneno kama Lufufu wa Dar es Salaam, aliyeichukua filamu ya wageni akaitia utani na vitisho vya uswahilini hata ikawa kama kazi mpya. Naomba msomaji aliweke jambo hili la Lufufu akilini, maana nitalirudia kwa sura nyingine.

Mashine za kwanza zilizoonekana katika miji ya jinsi hii zilikuwa nakala za Kichina za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti zake aghalabu zilikuwa za njano, na karatasi iliyobandikwa juu yake iliahidi maelfu ya gemu, ilhali ndani mlikuwa na gemu chache tu zilizorudiwa kwa majina mbalimbali. Mtoto aligundua uongo huo baada ya dakika kumi, akausamehe, kwa sababu ndani ya uchache huo mlikuwa na Contra na Super Mario Bros., na mbili hizo zilitosha likizo nzima. Kaseti ilipokataa kuwaka ilichomolewa, ikapulizwa, ikarudishwa.

Zama za vibanda hasa zilikuja na PlayStation, na zaidi na ya pili yake, iliyotolewa Japani Machi 2000 na ambayo ulimwenguni kote iliuzwa zaidi ya milioni 150, wala hakuna mashine ya gemu iliyowahi kuuzwa kwa wingi kuipita. Iliwasili Kariakoo ikiwa mtumba kutoka Dubai na Ulaya, ikafungwa katika boksi, ikatiwa chini ya kiti cha basi. Na kutoka stendi ya Msamvu, Morogoro, palipo mwachano wa njia, ikaelekea Kilosa kwa upande mmoja na Mikumi kwa upande mwingine. Mwenye kibanda hakuhitaji mtaji mkubwa. Alihitaji chumba kimoja chenye waya wa umeme, televisheni ya kichogo, benchi, mashine, pedi mbili, na subira ya kusikiliza kelele za vijana kuanzia saa tatu asubuhi mpaka usiku.

Ndani ya chumba hicho palikuwa na kanuni ambazo hazikuandikwa popote na ambazo kila mtu alizijua. Malipo yalikuwa kwa mechi, sarafu moja au mbili mkononi mwa mwenye kibanda kabla ya pedi kushikwa. Aliyefungwa alipisha, aliyeshinda alikaa, na aliyekuwa akingoja zamu alikuwa na haki ya kutoa maoni lakini hakuwa na haki ya kugusa waya. Mkubwa wa umri hakupewa kipaumbele ila kwa hisani. Nimemwona kijana wa darasa la tano akimtoa mtu mwenye ndevu kwa mabao manne, na mtu yule akanyanyuka kwa adabu akarudi nyuma ya foleni, jambo ambalo katika baraza nyingine yoyote ya mji lisingewezekana. Sare ya shule ilikuwa marufuku saa za masomo, ingawa shati liliweza kuvuliwa. Gemu iliyotawala ilikuwa ya mpira: Winning Eleven ya Konami, kisha Pro Evolution Soccer, na FIFA, na walipochoka na mpira waliingia katika mapigano ya Tekken na Mortal Kombat.

Lakini palikuwa na gemu moja ambayo haikuchezwa kwa mechi bali kwa saa, nayo ni Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotolewa na Rockstar Oktoba 2004. Hii ilikuwa kama riwaya ndefu, na kila msomaji alikuwa na ukurasa wake. Vijana walichukua madaftari ya hesabu wakaandika humo kodi za siri za kupata fedha, silaha na magari, mfuatano wa duara, mraba, pembetatu na mishale, wakazihifadhi kwa moyo kuliko walivyohifadhi majedwali ya kuzidisha. Na kwa kuwa hadithi yenyewe haikumalizika kwa siku moja, ilibidi pawe na mahali pa kuitunza, ndipo ikaja memori kadi, kibao kidogo cha megabaiti 8 ambacho mwenye kibanda alikuwa nacho kimoja cha wateja wote, na ambacho kijana mwenye uwezo alijinunulia chake, akakitia mfukoni, akaenda nacho kutoka kibanda hiki hadi kile. Nikifikiri naona kwamba kwa vijana wengi wa Kilosa na Mikumi kibao hicho ndicho kilichokuwa milki ya kwanza ya maisha yao katika ulimwengu wa kompyuta: kazi yao wenyewe, ndani ya kitu chao wenyewe, isiyohitaji ruhusa ya mtu.

Sasa insafu yanidai niseme wazi kwamba karibu kila sahani iliyozunguka ndani ya vibanda hivyo ilikuwa nakala ya kuchoma. Mashine zilichipiwa, yaani zilifunguliwa na fundi zikatiwa kipande kidogo cha elektroniki ili zisahau kuuliza kama sahani ni halali, na sahani zenyewe ziliuzwa kwa bei rakhisi katika vifuko vya plastiki vyenye picha iliyopauka. Tanzania ilikuwa tayari na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoizaa COSOTA, taasisi ya hakimiliki, na kwa sheria hiyo biashara yote niliyoieleza ilisimama upande usiofaa. Sitaki kuipaka rangi. Nasema tu kwamba mwenye mali hakuwa na duka Kilosa, wala Morogoro, wala bei yake, iliyokuwa kiasi cha dola 50 kwa sahani moja mpya, haikuwa bei iliyopangwa kwa kumfikiria mtu alipaye kwa sarafu.

Nguvu ya biashara hii, na udhaifu wake pia, ilikuwa katika umeme. Kwenye njia ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara liko bwawa la Kidatu, lililojengwa juu ya mto Ruaha Mkuu katika miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia na Wasweden pamoja na zetu, lenye uwezo wa megawati 204, na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa moyo wa gridi ya taifa. Jirani wa bwawa hakupata upendeleo wa ujirani. Ukame ulipokausha mabwawa ya Mtera na Kidatu, mgawo wa mwaka 2006 na ule wa 2011 uliwaacha watu wa Mikumi gizani sawasawa na watu wa Mwanza, na kibanda kikafungwa mchana kikafunguliwa usiku wa manane, kwa kufuata zamu za shirika la umeme. Na mwishoni mwa Desemba 2009, hata kuingia Januari 2010, Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafurika Kilosa, ukawaondoa maelfu ya watu majumbani mwao na kuiharibu reli hata treni za kwenda bara zikasimama. Jambo ninalotaka msomaji alione katika misiba hii ni moja. Reli ilikatika, umeme ulikatika, barabara iliharibika; lakini kila umeme uliporudi, kijana alibonyeza kitufe, sahani ikazunguka, na gemu ikaanza pale ilipoachwa. Hakuna aliyeulizwa kule mbali kama anaridhia.

Huko mbali, wakati uleule, mambo yalikuwa yakigeuka. Kampuni ya Valve ya Marekani ilizindua Steam Septemba 2003, na mwaka uliofuata ikatoa Half-Life 2, gemu ambayo hata aliyeinunua kwa sahani dukani hakuweza kuicheza mpaka kompyuta yake ijiandikishe kwanza kwa Steam kupitia intaneti. Tangu hapo kila kampuni kubwa ilijiwekea bawabu wake, programu ya kufungulia ambayo wenyewe huiita lancha, ikaayo mbele ya mlango wa gemu, iombe jina na neno la siri, ipige simu kwa mabwana zake ng'ambo, kisha ifungue au ikatae. Mei 2012 maelfu ya watu walionunua Diablo III walizuiwa na bawabu wa namna hiyo siku ya kwanza, kwa sababu seva zilizidiwa, ijapokuwa wengi walitaka kucheza peke yao. Machi 2013 SimCity ikafuata njia hiyohiyo. Mwaka huohuo Microsoft walitangaza kwamba mashine yao mpya, Xbox One, italazimika kuunganishwa na intaneti walau mara moja kila saa 24, wakazomewa, wakaifuta amri yao kabla mashine haijatoka. Kwa mtu wa Mikumi mwenye bando la megabaiti chache, amri ile ilikuwa sawa na kuambiwa mashine hiyo si yake.

Ndipo ukaja mtindo wa kutengeneza upya gemu za zamani, kuzing'arisha sura na kuziuza mara ya pili kwa waliozipenda utotoni, na hapa ndipo San Andreas inaporudi. Tarehe 11 Novemba 2021 Rockstar walitoa mkusanyo wa gemu zao tatu za zamani, San Andreas ikiwa mojawapo, uliotengenezwa upya na Grove Street Games ya Florida. Mwezi mmoja kabla yake walikuwa wamekwisha kuziondoa sokoni nakala za zamani za mtandaoni, ili mnunuzi asiwe na hiari. Kilichotoka kilikuwa aibu. Mvua ilinyesha kama nyuzi nyeupe zilizoziba macho, nyuso za watu zilivimba, mbao za maduka zilikuwa na maandishi yaliyokosewa kwa sababu mashine ilisahihisha herufi isizozielewa. Fauka ya hayo, siku ileile ya kutoka bawabu wa Rockstar alizimwa kwa upande wa kompyuta, na alipozimwa hakuwafungia walionunua gemu mpya tu, bali na walionunua zile nyingine miaka ya nyuma, kwa kuwa wote walipita mlango mmoja; mkusanyo wenyewe haukurudi dukani kwa siku tatu. Kampuni iliomba radhi tarehe 19 Novemba, ikaahidi kuzirudisha nakala za zamani.

Hata nakala hizo za zamani za mtandaoni hazikuwa tena zile za mwaka 2004. Leseni za nyimbo zilizopigwa katika redio za San Andreas zilikuwa na muda, na muda ulipokwisha, mwaka 2014, sasisho moja lilipitishwa na nyimbo kadhaa zikanyofolewa ndani ya gemu ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzilipia. Aliyekuwa na sahani hakunyofolewa kitu. Kwa hiyo ikawa kwamba kibanda cha Kilosa, chenye sahani ya magendo iliyochubuka, kilikuwa na San Andreas kamili, redio zake zote zikiimba, ilhali mteja mwaminifu wa California alikuwa na pungufu. Sisemi hivi kwa kumtukuza mwenye kibanda, ambaye hakuwa na nia ya kutunza tarikhi ya mtu yeyote. Alikuwa anatafuta shilingi mia. Lakini uchunguzi uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia ya halali, na mtu akisoma hesabu hiyo anaweza kuuliza nani basi anazo.

Wenye mali wana hoja yao, nayo haistahili kupuuzwa. Husema kwamba bila ya bawabu kazi yao huibwa siku ya kwanza, na kwamba gemu ichezwayo na watu wa mabara mbalimbali haina budi kuwa na seva na ulinzi. Ni kweli kwa baadhi. Lakini hoja hiyo inamfaa mtu anayeweza kuingia mlangoni, na mambo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba sisi hatukuwa katika orodha ya wageni. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kufungua akaunti ya PlayStation Network; watu wakagundua kwamba akaunti hiyo haipatikani kihalali katika nchi zaidi ya 170, Tanzania ikiwamo, na kwamba katika Afrika ni Afrika Kusini peke yake iliyohesabiwa. Kelele zilipozidi Sony waliliondoa sharti hilo baada ya siku chache. Hata hivyo tarehe 31 Oktoba walipotoa upya Horizon Zero Dawn, gemu yao ya mwaka 2017, sharti la akaunti lilikuwapo, na katika nchi zisizo na mtandao huo haikuuzwa kwenye kompyuta kabisa. Mtu wa Mikumi mwenye fedha mkononi na nia njema hakuweza kulipa. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2025, lakini kwa muda ule bawabu hakuuliza hata tiketi. Alitazama tu mtu ametoka wapi.

Na hata palipo na ruhusa, pana njia ya kupitia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, intaneti ikapwaya siku kadhaa. Mkusanyo ule wa Rockstar hudai nafasi ya gigabaiti 45 kwenye kompyuta. Sahani ya San Andreas haikuweza kuzidi gigabaiti 4.7, na ilisafiri kwa basi.

Vibanda vyenyewe vimepungua. Sony waliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, FIFA 14 ikawa miongoni mwa gemu za mwisho kutolewa kwa ajili yake, na lenzi za mashine zilizobaki zimechoka kusoma sahani, hata mafundi wakazizoesha kusoma gemu kutoka kwenye flashi. Mashine za kamari ziitwazo dubwi, ambazo humeza sarafu za vijana bila ya kuwapa hata dakika tano za mpira, zilichukua sehemu ya wateja. Simu zikachukua waliobaki. Humo ndani ya simu ndimo biashara ilimohamia. Mwaka 2012 Msweden Henrik Rydgård alitoa PPSSPP, programu iifanyayo simu ijifanye PSP, mashine ya mkononi ya Sony ambayo imekwisha kufa. Na hivi ndivyo nchi iliyochangia kuwasha taa za Kidatu ilivyochangia tena, bila ya kukusudia, kuendeleza mchezo pale taa zinapozimika. Juu ya programu hiyo mafundi wa Kitanzania walichukua faili za zamani za PES, ambazo Konami wenyewe walizipa kisogo tangu walipoigeuza gemu yao kuwa eFootball ya mtandaoni mwaka 2021, wakawavisha wachezaji jezi za Simba na Yanga na klabu nyingine za Ligi Kuu. Huu nao ni utengenezaji upya, na una nasaba na kazi ya Lufufu: kitu cha mgeni kimechukuliwa bila ya idhini, kikavishwa nguo za nyumbani, kikapendwa kuliko asili yake.

Faili hizo huuzwa katika vibanda vya simu vya Kilosa na Mikumi, palepale panapoingizwa nyimbo na filamu kwenye memori kadi, na vijana hurushiana kutoka simu hadi simu bila ya kugusa bando. Kila msimu wa usajili ukipita, fundi hubadili majina ya waliohama na kutoa toleo jipya. Wezi nao hawakosekani. Fundi mwingine huchukua kazi ya mwenzake, akafuta jina, akaandika lake. Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi hawa wameanza kuzifunga faili zao kwa neno la siri, na anayelitaka sharti aingie mtandaoni, aitazame video ya fundi mpaka mwisho, ndipo atajiwe.